Zawadi za Kumrudisha Mama Choolwe

Jumatatu, 4 Oktoba

Joto la Livingstone limevuka mipaka ya adabu. Nimekula sima baridi peke yangu, kwa maziwa lala ya dukani yasiyostahili kuitwa hivyo.

Mke wangu, Mama Choolwe, alikwenda kwao, karibu na Batoka, kumzika baba yake na kuvuna mahindi aliyoyaacha marehemu shambani. Alisema anakwenda kwa msimu mmoja. Sasa anaingia wa tatu! Mmoja ni umoja. Hakuna sarufi inayoweza kuugeuza kuwa wingi.

Nimekuwa mkaguzi wa tiketi za reli maisha yangu yote ya kazi. Ninajua kwamba abiria asiyerudi ana sababu. Leo nimeipata. Nilipompigia simu alikuwa akihema. Kumbe anabeba samadi kwa karai kichwani, kutoka zizini hadi shambani. Akasema, "Baba Choolwe, kama una neno liseme, karai linanielemea." Nilikuwa nalo. Sikulisema. Nilimwuliza kama amekula.

Mpango: zawadi za mkulima, zenye manufaa. Si khanga, si marashi. Zana nzuri humaliza kazi upesi. Kazi ikiisha, mkulima hurudi nyumbani. Hoja haina tundu!

Nimenunua toroli. Kondakta wa basi la Batoka akadai kwamba kitu chenye ukubwa ule si mzigo, ni abiria, na abiria hulipa kiti. Nilimpinga kwa hoja safi, zilizopangwa. Nikalipa kiti.

Jumatano, 20 Oktoba

Toroli limefanya kazi kupita kiasi. Samadi yote imefika shambani. Nikamwuliza basi atarudi lini. Akasema kwamba samadi imebaki, na kwa kuwa haifai kutupwa, amefungua kipande kingine kando ya kichuguu kwa ajili ya karanga.

Kipande kingine!

Akasema, "Toroli lako limenitia nguvu, mume wangu." Sikuwa nimelisikia neno hilo, mume wangu, kwa muda mrefu. Nimelirudia nikiosha vyombo. Chombo ni sahani moja, kwa hiyo niliiosha tena.

Mpango haukukosea. Kilichokosewa ni kifaa. Toroli huharakisha. Kinachotakiwa ni kitu cha kumlinda, ili asiugue akalazimika kukaa huko.

Jumapili, 14 Novemba

Mvua zimeanza Batoka, nami nilikwisha kutuma mabuti ya mpira. Dukani niliulizwa namba ya mguu wake. Nikasimama kama mtoto aliyesahau majibu. Viatu vyake vimekaa mlangoni kando ya vyangu tangu tulipooana, nami sikuwahi kuvitazama! Nilichukua namba inayonitosha mimi. Nilikadiria kwamba soksi zingeziba pengo.

Leo simu imelia. Si yeye. Ni Hamaundu, mgane mwenye shamba linalopakana na lake. Ukoo wake na wangu ni watani tangu enzi za mababu. Yeye ana ruhusa ya kunitukana, na mimi sina ruhusa ya kukasirika. Aliyeitunga desturi hii hakuwa amekutana na Hamaundu.

Alianza kwa kicheko. Kisha akasema, "Ewe mzee wa tiketi! Mabuti yako nimeyavaa mimi. Mkeo yanampwaya kama ndoo. Umetuma miguu, mwili umeubakisha mjini wa nini? Au umekufa? Sema, nije nikuzike, ni kazi yangu."

Ni kweli kwamba mtani anaweza kuchukua kitu cha mtani wake, na ni kweli kwamba mtani huzika. Nikamjibu kwamba yeye akifa, ardhi itamtapika. Jibu zuri sana. Lakini alikuwa amekwisha kukata simu.

Anamzungukia mke wangu ndani ya mabuti yangu! Na kile kijembe cha miguu na mwili nimekitafakari alasiri yote. Sioni maana ndani yake. Ni husuda tupu.

Jumamosi, 25 Desemba

Hakuja. Magugu hayajui Krismasi, amesema.

Nilikuwa nimenunua kuku wa kienyeji wa kutosha watu wawili. Nilipanga meza kwa watu wawili. Mchana basi la Batoka lilileta ndoo yenye kifuniko, kutoka kwake. Maziwa lala yenyewe, mazito, ya kukatwa kwa kijiko. Nilipoyaonja ilinibidi niketi.

Nikampigia simu. Akasema, "Njoo wewe basi. Mvua haili mtu." Nikamweleza kwa utaratibu kwamba nikienda huko, hapa hapatakuwa na mtu wa kumngoja. Nikasikia vyura upande wake wa simu. Upande wangu hakukuwa na kitu cha kusikika.

Kuku nimemla kwa siku nzima. Paja moja nimeliacha. Ni lile alipendalo yeye.

Jumanne, 18 Januari

Nimegeuza mkakati. Zawadi nzuri zinamnogeshea shamba. Basi nitume zawadi mbaya!

Kuna mhunzi nyuma ya soko ambaye hutengeneza majembe kwa mabati mazito ya magari. Nikamwagiza jembe pana, zito, lenye mpini mnene wa mti mgumu. Akaniuliza ni la nani. Nikasema ni la mke wangu. Akanitazama, akasema, "Mzee, kwani mmegombana?" Nikamwambia afue, asihoji.

Hesabu ni hii: atalima kwalo siku chache, kiuno kitalalamika, atakumbuka kwamba Livingstone kuna kitanda chenye godoro. Hakuna jeraha, uchovu tu. Dhamiri yangu ilinisumbua njiani kuelekea kituo cha mabasi. Nikarudi nyumbani, nikauzungushia mpini kitambaa laini, usije ukamchubua viganja. Kisha nikalituma.

Alhamisi, 24 Machi

Balaa. Jembe lile halikumchosha hata kidogo. Yeye hakulimia kabisa. Amelitumia kung'olea visiki! Anasema hajawahi kuona kitu kinachoingia chini ya kisiki namna ile, na kwamba kitambaa cha mpini kilimfanya acheke peke yake shambani. Kisha ameandika kwenye simu: "Shamba letu sasa linafika mpaka kijitoni. Nyumba yako bado ina panya?"

Nimeichambua sentensi hii tangu asubuhi. Chai imepoa mara mbili.

"Nyumba yako." Yako! Nyumba hii tuliihamia pamoja, yeye akiwa amebeba taa na mimi nimebeba sufuria.

"Shamba letu." Letu! Kimilikishi, nafsi ya kwanza, wingi. Alipofika kule aliliita shamba la baba. Mwaka jana aliliita shamba langu. Wingi hauwezi kusimama kwa mtu mmoja. Mmoja ni yeye. Wa pili ni nani? Ni mtu aliye karibu. Ni mtu anayepita pale kila siku. Ni mtu mwenye mabuti!

Sarufi haisemi uongo. Nakwenda mwenyewe, wakati wa Pasaka. Siendi mikono mitupu, maana Hamaundu atapata la kusema. Nimemnunulia pampu ya kukanyaga kwa miguu, ya kuvutia maji kutoka kijitoni. Akiwa na pampu hatachota tena kwa ndoo. Asipochota, atapata nafasi. Akipata nafasi, atanikumbuka.

Jumapili, 17 Aprili

Naandika nikiwa Batoka, chini ya upenu wa nyumba ya marehemu mkwe wangu.

Alikuja kunipokea barabarani na toroli. Akaweka begi langu ndani yake, akalisukuma mwenyewe, akikataa nimsaidie. Safari hii nilitazama miguu yake. Ni midogo. Alikuwa amevaa makubazi ya tairi. Amekuwa mweusi zaidi kwa jua, na anacheka kabla ya kumaliza maneno yake. Nilisahau kwamba hucheka hivyo. Au sikusahau. Nilikuwa nimekihifadhi kicheko hicho mahali nisipofikia.

Hamaundu akatokea, mabuti miguuni, akapaza sauti ili kijiji kizima kisikie: "Aha! Mwili umefika! Pole, baba, miguu imekwisha kunizoea." Kisha akaibeba pampu mpaka kijitoni bila kuombwa. Anaoa mwezi wa Juni, mwanamke wa Pemba, ile ya huku karibu kwenye reli. Ameniomba ruhusa ya kuyavaa mabuti siku ya harusi, kwa kuwa hana mengine safi. Nilimwambia ayavae mpaka kaburini. Alifurahi sana.

Basi wa pili si yeye. Nikamwuliza mke wangu, kwa sauti kavu ya kazi, ile "letu" ni ya nani na nani. Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa jina lake. "Langu na lako. Kuna mwingine? Toroli lako, jembe lako, sasa pampu yako. Mimi nimetia jasho tu."

Kisha akanionyesha viti viwili chini ya upenu. Kimoja kimelika mikononi kwa kukaliwa. Kingine kinang'aa. Akasema, "Hiki ni chako. Nakipangusa kila asubuhi." Akaketi kwenye chake. Akatazama mahindi, si mimi. Akasema, "Nimechoka kula peke yangu, Baba Choolwe."

Nilitaka kusema kwamba na mimi. Ni maneno mawili tu, na mimi. Nikatikisa kiti, nikasema kwamba mguu mmoja umelegea, unahitaji gundi.

Alicheka, lakini safari hii alimaliza maneno kwanza. Alisema, "Wewe ni wewe." Akaenda kusonga sima.

Nimeketi hapa nikiyapima maneno yake, na sasa ninaelewa. Kitenzi kikuu ni "nimechoka". Yaliyofuata ni ziada. Amechoka! Ametamka mwenyewe! Mkulima aliyechoka yuko ukingoni mwa kurudi. Hahitaji mume wa kumkalia hapa akimwongezea mdomo wa kulisha. Anahitaji zawadi moja tu, ya mwisho, iliyo kubwa. Keshokutwa nawahi basi la mjini.

Jumatano, 11 Mei

Imekamilika! Nimetoa akiba yangu ya reli nikamnunulia ng'ombe wa maziwa, na ndama wake. Wamefika Batoka jana kwa lori.

Hoja ni hii. Mtu hulima ili ale. Maziwa ni chakula kilicho tayari. Mwenye maziwa hana haja ya kulima. Asiye na haja ya kulima hana haja ya kukaa shamba. Kila hatua imefungwa kwenye mwenzake kama mabehewa.

Amenipigia simu leo. Mwanzo sikuweza kutambua kama anacheka au analia, na nadhani hata yeye hakuweza. Alisema ni ng'ombe mzuri kuliko wote waliowahi kukanyaga zizi la baba yake. Alisema wanakijiji wamepanga foleni kumtazama. Alisema anakamuliwa alfajiri na jioni, kila siku iliyoumbwa na Mungu, na hamruhusu mtu mwingine amguse. "Sasa hata kulala mjini Choma siwezi, mume wangu." Pampu nayo imezaa kabichi hadi zinaota ukingoni mwa kijito.

Nikamwambia asijali, hayo ni mambo madogo ya mwanzo.

Akauliza, kwa sauti ndogo, "Na wewe? Unakuja lini?"

Nikamwambia kwamba kwa sasa siwezi kuondoka. Nina maandalizi mengi ya kurudi kwake.

Kesho napaka lango rangi ya kijani kibichi, lionekane tangu kituo cha basi. Amekaa huko muda mrefu. Asije akaipita nyumba.