Kamera Tatu za Kumnasa Sajenti

Jumatatu, 3 Machi

Mpira wa maji umepotea. Mita ishirini, wa kijani, mpya. Jana asubuhi ulikuwa umeviringishwa kando ya bomba. Leo pamebaki duara la majani yaliyopauka.

Sina haja ya kumtafuta mwizi. Ng'ambo ya ukuta anakaa Sajenti, mstaafu wa magereza, na maua yake leo yamelowa chapachapa. Mvua haijanyesha, hii ni wiki ya pili.

Mke wangu aliuliza kama nimezungumza na jirani. Nikamjibu kwamba mwizi haulizwi, hunaswa. Akarudi kwenye mitihani yake. Ni mwalimu wa hesabu. Ana karatasi mia moja ishirini na sita, na alama zote zinatakiwa shuleni Jumatatu ijayo.

Jumamosi mtaa unachagua katibu wa ulinzi. Wagombea wawili: mimi na Sajenti. Yeye ana filimbi. Mimi nina akili, na likizo ya wiki mbili kutoka masjala. Naona kazi imekwisha.

Jumanne, 4 Machi

Nimenunua kamera tatu. Muuzaji alisema wateja wengi huita fundi. Nikamwambia kwangu fundi ni mimi.

Programu ya kamera inakaa kwenye laptopu. Laptopu ni ya mke wangu, lakini kwenye ndoa hakuna changu wala chako. Nilitamka hivyo kwa sauti kabisa, ingawa yeye alikuwa shuleni.

Kamera moja juu ya mlango, ya pili inatazama bomba, ya tatu kwenye ukuta wa Sajenti. Mama mkwe alinishikia ngazi. Alikuja kutusalimia kwa wiki mbili. Huu ni mwezi wa nne. Aliuliza nafanya nini huko juu. Siri ya ulinzi, nikamwambia. Akaanza kusema jambo kuhusu mpira. Nilimwomba angoje, nilikuwa na misumari mdomoni.

Programu ilitafuta kamera saa nzima, ikasema haioni hata moja. Nikaishika kamera mbele ya kioo cha laptopu ili waonane. Wapi! Baadaye nikagundua mama mkwe alichomoa kisanduku cha intaneti apate pa kuchomeka pasi.

Jumatano, 5 Machi

Zinaona! Picha safi kama maji ya mtungi. Kitu kikijongea tu, laptopu inalia na kuandika "mtu asiyejulikana". Hadi adhuhuri imelia mara kumi na tisa: paka, shuka kwenye kamba, na mama mkwe mara saba. Nimejaribu kuifundisha kwamba mama mkwe anajulikana sana. Imekataa.

Saa tisa ikasema diski imejaa. Kamera tatu zinakula nafasi kama nzige. Nikaanza kufuta visivyo na maana: picha za harusi ya binamu, mchezo wa karata, folda inayoitwa "Alama". Alama za nini? Za barabarani? Mwizi yuko ng'ambo ya ukuta, alama zingoje. Nikafuta, kisha nikamwaga na pipa la taka la laptopu. Napenda kazi iliyokamilika.

Alhamisi, 6 Machi

Kamera ya tatu ina kasoro. Ukuta ni mrefu kuliko jicho lake. Basi nilikwenda mwenyewe. Kwanza nilipanda ndoo nikachungulia, kisha nikatambaa kando ya uzio wake wa mbele, kimya kama mjusi.

Sajenti akatokea juu yangu, akauliza, jirani, umepoteza nini? Nikamwambia kifungo cha shati. Nilikuwa nimevaa fulana. Akapiga magoti akanisaidia kutafuta robo saa nzima.

Unafiki wa mtu huyu hauna kipimo.

Ijumaa, 7 Machi

Siku mbaya.

Mke wangu alifungua laptopu aingize alama za darasa la mwisho. Nilimsikia akibofya, kisha sikumsikia tena. Nikaenda ukumbini.

"Folda yangu ya alama iko wapi?"

Nilimweleza kuhusu diski. Nilimweleza kuhusu nzige. Hakunikatiza, na hilo ndilo lililonitisha.

"Nimeziingiza wiki tatu," akasema. "Swali kwa swali. Ungeniuliza tu."

Nikasema alikuwa shuleni. Akanitazama kama anayesoma jibu lisilo sahihi ambalo hata hatua zake hazina alama. Akabeba boksi la karatasi, akaingia chumbani, akafunga mlango taratibu. Kama angeubamiza ningejua la kufanya. Niliosha vyombo vyote, hata vilivyo safi.

Kesho nikishinda ataelewa.

Jumamosi, 8 Machi

Mkutano ulikuwa kwenye gereji ya fundi magari. Watu thelathini. Mwenyekiti wa mtaa, mama mshonaji, alinipa nafasi ya kwanza. Nikaunganisha laptopu na televisheni ya fundi. Nikawatangazia kwamba mashine itawaonyesha, bila upendeleo, kila mtu wa kutiliwa shaka aliyepita kwetu tangu Jumatano. Nikabofya.

Sikujua kwamba programu huanza na anayeonekana zaidi.

Mtu juu ya ndoo, makalio kwa kamera. Mtu huyohuyo akianguka kutoka kwenye ndoo. Mtu anatambaa. "Mtu asiyejulikana, mara thelathini na moja." Ile fulana ni yangu. Fundi magari alicheka mpaka akakaa juu ya tairi.

Ikafuata picha ya Alhamisi mchana. Sajenti anaingia kwa lango letu, mpira wa kijani begani, anauviringisha vizuri kando ya bomba. Mama mkwe anamletea maji ya kunywa. Nyuma yao, mbali, miguu yangu inaning'inia ukutani.

Mama mkwe akasimama. "Nilimwazima mimi, Jumapili. Kila nikifungua kinywa nikueleze, mwanangu, unaniambia siri ya ulinzi."

Siku mbili mpira ulikuwa pale, na mimi sikuutazama. Masikio yaliniwaka.

Sajenti kura ishirini na nane. Mimi mbili. Moja ilikuwa yangu. Ya pili ilikuwa ya Sajenti. Aliniambia mwenyewe njiani, ati si vizuri mtu kujipigia kura. Sijapata kuona mpinzani dhaifu namna hiyo.

Jumapili, 9 Machi

Asubuhi niligonga mlango wa chumba, nikamwambia mke wangu nitamsomea alama, yeye aandike. Alifikiri kidogo, akasogeza kiti.

Tulianza saa mbili asubuhi. Jina, swali la kwanza, la pili, hadi la kumi. Kufika karatasi ya sitini sauti yangu ilikuwa imekauka. Mama mkwe akaleta chai. Kwenye ya themanini na tatu mwanafunzi mmoja alikuwa ameandika chini ya swali la nane: "Mwalimu, hapa nilichoka." Nikasema mimi nampa zote. Mke wangu akacheka, mara ya kwanza tangu Ijumaa, nami nikahisi kama nimeshushwa gunia la simenti.

Tulimaliza jua likizama. Akaniambia, "Nakuomba kitu kimoja tu. Usiguse tena chochote chenye waya."

Nikaahidi. Na ahadi kwangu ni deni.

Jumanne, 11 Machi

Alama zimefika shuleni salama. Kamera zimerudi dukani. Mimi nimepata ufumbuzi wa kweli: kufuli la kielektroniki la mlango wa mbele. Linafunguka kwa tarakimu sita. Halina waya hata mmoja.

Nimelifunga mwenyewe leo asubuhi, mke wangu akiwa shuleni na mama mkwe akiwa sokoni. Saa nne nikatoka nje kulijaribu. Mlango ukajifunga nyuma yangu kwa mlio mtamu sana. Tarakimu zimeandikwa kwenye kifuniko cha boksi, boksi liko mezani, ndani. Mlango wa nyuma nilikuwa nimeutia komeo, kwa usalama.

Sajenti amechungulia juu ya ukuta, akauliza kama nahitaji ngazi. Nimemshukuru, nikamwambia niko kwenye majaribio. Mke wangu anarudi saa kumi. Naandika nikiwa kibarazani, na jua limenifikia magotini.

Nimeusukuma mlango kwa bega mara nne. Hautikisiki. Hata mwenye nyumba hapiti! Huo ndio ulinzi.

Kesho nanunua la mlango wa nyuma.