Habari za Kukombolewa kwa Printa na Mitihani Kumi na Miwili

Enyi mliokaa vitini na mlioegemea milango, enyi mliovaa miwani na mliosahau mlikoiweka, tulieni mumsikilize mtu aliyekuwepo. Mmekwisha kusimuliwa ngome zilizoanguka kwa mizinga na majeshi yaliyovuka mito kwa magogo. Mimi nawaletea vita vilivyopiganwa juu ya meza ya kulia chakula, kati ya kopo la sukari na kikapu cha nguo zinazongoja pasi, tangu saa mbili ya asubuhi hata saa sita na nusu ya mchana wa siku hiyohiyo, wala hakikumwagika kitu ila chai, nayo ilimwagika mara moja tu.

Shujaa wa vita hivyo, ingawa ulimi unaona haya kumtaja, ni mimi. Miaka thelathini na mmoja nilikuwa mtunza stoo wa karakana ya mabasi, Mlinzi wa Rafu Kumi na Tisa, Bwana wa Nati na Boliti, ambaye hata fundi mkuu hakuthubutu kuchukua beringi kabla ya kusaini daftari langu. Nilipostaafu mikono ikakosa la kushika, nikajifunza kompyuta mwenyewe, kwa vitabu vya kuazima na kwa kuharibu. Nikaokota mashine kongwe iliyotupwa na ofisi moja, nikaivika Linux, ule mfumo wa kuendeshea kompyuta unaogawiwa bure, nikaipa jina Kikongwe. Na yeye Kikongwe, aliyekuwa akikohoa robo saa kabla ya kuwaka, akawa anaamka kama mtoto aliyeitwa kula.

Lakini hakuna shujaa asiye na mkuu wake. Mkuu wangu ni mke wangu, ambaye mtaa mzima unamwita Mwalimu, nami namwita hivyo hivyo, kwa usalama. Alifundisha hesabu mpaka nywele zikawa rangi ya chaki, na alipostaafu hakustaafu. Alikusanya watu wazima kumi na wawili ambao utotoni hapakuwa na wa kuwapeleka shule, mdogo wao ana miaka hamsini na minane, akawafundisha kusoma na kuandika katika chumba cha nyuma cha zahanati. Siku ninayoisimulia ndiyo siku ya mtihani wao wa kwanza tangu wazaliwe, saa nane mchana. Mwalimu alitaka kuwaandikia maswali kwa mkono. Akainuka mkubwa wao, mwanamke tunayemwita Bibi Miwani, akanena: "Mwalimu, sisi hatutaki mtihani ulioandikwa kama orodha ya kwenda sokoni. Tunataka wa kupigwa chapa, kama waliopewa watoto wetu."

Basi maswali yakachapwa, yakahifadhiwa tumboni mwa Kikongwe, yakabaki kutolewa karatasini tu. Na jioni ya kuamkia siku hiyo Mwalimu akaniambia, "Mzee, kesho usiguse hiyo mashine mpaka nitoe karatasi zangu."

Jueni, ndugu zangu, kwamba kumkataza mstaafu ni kumwonyesha njia. Saa mbili asubuhi, Mwalimu akiwa uani anafagia, Kikongwe akatoa kijitangazo pembeni mwa kioo: programu mia moja arobaini na tatu zina matoleo mapya. Nikajiuliza, anayekwenda kwenye shughuli kubwa haogi kwanza? Nikafungua kile kidirisha cheusi cha kuandikia amri, nikakunja mikono ya shati, na kwa Kidole changu Shujaa, kile cha shahada cha mkono wa kuume, ambacho peke yake hufanya kazi ya vidole kumi, nikaamuru zote zipandishwe toleo.

Mia na arobaini wakavuka salama. Watatu wakagoma mpakani, na mmoja wa hao watatu ni programu ya printa.

Hapo mwenye akili angerudi nyuma. Mimi nikaona kurudi nyuma ni kazi ya kamba wa baharini. Nikaiamuru mashine iitoe programu ya zamani ya printa kwa lazima, bila kuuliza swali, nikidhani mpya itaingia kwa mlango ulioachwa wazi. Ya zamani ikatoka. Mpya ikafika kizingitini, ikachungulia, ikakataa kuingia. Na ya zamani, nilipoiita irudi, nayo ikanuna. Tukabaki na printa iliyokaa mezani kama jiwe, ikiwasha kitaa chekundu, na chai ikanimwagikia magotini.

Mwalimu akaingia na ufagio.

"Mzee."

"Naam, taa ya nyumba hii."

"Umegusa."

"Mimi, kwa kuona mbali na kwa kuyapenda majeshi yetu, nimeyakagua tu, ili vita vitakapo..."

"Umegusa au hujagusa?"

"Nimegusa."

Hakupaza sauti. Alitazama saa ya ukutani, akautua ufagio nyuma ya mlango taratibu, akasema, "Wale watu wanachonga penseli tangu juzi," akaenda jikoni. Ningepigwa na ule ufagio ingekuwa nafuu.

Nikampigia simu mwenye duka la fotokopi. Yuko harusini kwa mdogo wake, safari ya siku mbili, na ufunguo wa duka uko mfukoni mwake. Mlango wa kwanza wa wokovu ukafungwa hivyo.

Mlango wa pili ukafunguka wenyewe, na aliyeingia alikuwa Shemeji. Huyu ni kaka yake Mwalimu, karani mstaafu, Mwenye-Flashi-Shingoni, maana huivaa ile flashi kwa utepe kama medali ya vita asivyopigana. Dada yake alikuwa amempigia. Akaketi kwenye kiti changu, chenye mto.

"Shemeji," akasema, "nasikia Linux imelala."

"Linux hailali, shemeji. Inatafakari."

"Sasa sikia. Humu nina ile wanayotumia watu wote. Nafuta hiyo yako, mizizi na matawi, naweka hii, saa moja tu dada anatoa karatasi zake. Mtihani tutauhamisha kwanza, usiogope."

Nikasimama, chai ikinidondoka suruali, nikanena naye kama wanavyonena wafalme juu ya kuta: "Ewe ndugu wa mke wangu, mgeni usiyebisha hodi, fahamu kwamba mashine hii niliitoa jalalani kwa mikono hii, nikaitia pumzi, na haitafutwa nikiwa nimesimama. Nipe mpaka saa saba. Ikigonga na printa bado bubu, nitakukabidhi Kikongwe mwenyewe, na utepe wa flashi nitakushikia."

"Saa saba tutachelewa. Saa sita."

"Saa sita unakula kwetu, shemeji."

Akafikiri. "Basi sita na nusu."

Vita vikaanza. Kwanza nikamzima Kikongwe nikamwasha, dawa ya wahenga, akaamka vilevile. Kisha nikamtuma atengeneze kilichovunjika. Akasaga, akasaga, kisha akaleta mkataba wa amani: atatengeneza kila kitu, ila ataondoa programu arobaini na saba. Niendelee? N kwa ndiyo, H kwa hapana.

Kidole Shujaa kikaelea juu ya N kama mwewe.

"Bonyeza basi," akasema Shemeji. "Si imesema itatengeneza?"

Lakini mtunza stoo hasaini asichosoma. Nikasoma ile orodha jina kwa jina. Mstari wa tisa, programu ya kufungulia mtihani wenyewe. Mstari wa thelathini na moja, uso mzima wa Kikongwe, madirisha na vitufe vyote, abaki kioo cheusi na herufi.

"Shemeji," nikamwambia, "hata shoka linaponya maumivu ya kichwa." Nikabonyeza H.

Saa tano ikapita. Kutoka jikoni nikasikia Mwalimu anakatakata vitunguu, na kisu kilikuwa na mengi ya kusema. Ndipo nikaacha kupigana, nikaanza kuuliza. Nikamhoji mmoja mmoja, kama mshenga anayesuluhisha ukoo. Wewe programu ya printa, mbona huingii? Ikajibu: naingojea maktaba mpya, ile stoo ya vipuri tunavyoazima sisi programu ili kuchora maumbo, bila yeye mimi siandiki hata nukta. Wewe maktaba mpya, mbona huji? Siwezi kuja, wa zamani bado kakalia kiti. Wewe wa zamani, mbona hutoki? Nitoke vipi, kuna mtu kaniegemea. Nilishaona kikao cha mahari cha namna hiyo: mjomba haingii mpaka shangazi afike, shangazi hafiki mpaka atumiwe gari, na gari analo mjomba.

Sasa katika miaka thelathini na mmoja ya rafu kumi na tisa nilijifunza jambo moja, nalo nawapeni bure: kitu hakikwami chenyewe. Kikikwama, kuna mkono wa mtu ulioandika kisitoke. Nikaiamuru mashine initajie chochote kilichoshikiliwa kwa amri ya mwenye nyumba. Ikataja kimoja tu.

Karata.

Ndiyo, zile karata za kupanga peke yako, ambazo Mwalimu hucheza kila siku baada ya chakula; ndizo zilizokuwa zimeiegemea ile maktaba ya zamani. Nikalifuata daftari langu la jalada jeusi, maana hata nyumbani kila amri ninayompa Kikongwe naiandika humo: tarehe, kilichofanyika, sababu, na sahihi ya aliyeagiza. Ukurasa wa sitini na nne, wa miaka mitatu nyuma, mwandiko wangu: *Programu ya karata imeshikiliwa, isipandishwe toleo. Sababu: toleo jipya limegeuza migongo ya karata kuwa ya kijani. ISITOKE.* Na chini yake, kwa wino mwekundu, sahihi ya Mwalimu.

Shemeji akachungulia begani pangu. "Aa, ni hivyo tu? Iachilie. Hatajua."

"Shemeji, kilichosainiwa hutoka kwa aliyesaini."

"Ni karata, bwana."

"Hata kama ni uzi wa sindano. Na leo nimeshalazimisha mara moja."

Nikaingia jikoni na daftari wazi mikononi, kama mjumbe anayepeleka habari mbaya kwa mfalme mwenye kisu. Mwalimu akajifuta mikono, akasoma. Akasoma tena. Kitunguu kikaendelea kuwasha macho ya sisi sote wawili.

"Ina maana," akasema, "asubuhi yote hii tumekwama kwa kitu nilichosaini mimi?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Na ungeniuliza kabla ya kugusa, ningekumbuka."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Basi tumekosa wote. Wewe zaidi." Akageuza ukurasa, akaurudisha. "Nikiachilia, hesabu yangu itapotea? Nimeshinda mara elfu mbili mia tatu na kumi na sita."

Ningeweza kumdanganya, mnanijua. Lakini juu ya daftari lile sijawahi kudanganya. "Sijui," nikasema. "Inawezekana ikabaki. Inawezekana isibaki."

Akapitisha kidole juu ya sahihi yake ya zamani. Ile hesabu, ndugu zangu, ilikuwa ya miaka saba, mchana kwa mchana.

"Wale wamengoja karatasi hiyo miaka sitini," akasema. "Nipe kalamu nyekundu."

Akaandika *Itoke*, akasaini.

Nikarudi uwanjani saa sita na dakika kumi na sita. Kwa amri moja fupi nikazifungua karata minyororo. Kwa ya pili nikasema, wote na waje. Na tazama, yule aliyeegemea akainuka, yule aliyeketi akaondoka, mpya akakaa, na programu ya printa ikaingia nyumbani kwa adabu kama bibi harusi, huku mistari ikiporomoka kiooni. Kidole Shujaa kikabonyeza. Kitaa chekundu kikawa cha kijani. Printa ikakoroma, ikavuta karatasi, ikaitema. Moja. Tatu. Ya saba ikakwama kidogo, Shemeji mwenyewe akainuka kitini, ikapita. Kumi na mbili. Saa ya ukutani ilibakiwa na dakika mbili kufika sita na nusu.

Shemeji akaitazama karatasi ya mwisho, akaitazama saa, kisha akaiingiza flashi ndani ya shati, kama kobe anavyorudisha kichwa. "Chakula kimeiva?" akauliza.

Mwalimu alirudi saa kumi na bahasha kwapani. Alinisimulia akiwa bado amesimama. Bibi Miwani alipopewa yake aliinusa kwanza. Kisha akaweka kidole juu ya mstari ule wa jina, akauliza, "Hapa pameachwa kwa ajili yangu?" Akaambiwa ndiyo, hapo ni pako. Akaandika majina yake yote matatu, dakika tisa, na hakuna aliyemharakisha.

Halafu Mwalimu akaketi mbele ya Kikongwe, akafungua karata. Tukasogea, mimi huku, Shemeji kule. Migongo ilikuwa ya kijani. Chini kabisa, hesabu: ushindi, elfu mbili mia tatu na kumi na sita. Zote zipo. Kumbe zilihifadhiwa mahali pake, mbali na programu yenyewe, wala hakuna aliyezigusa. Nikafungua kinywa nianze hotuba ya ushindi.

Lakini toleo jipya lilikuwa limeongeza safu ya pili, ambayo la zamani halikuwahi kuionyesha: aliposhindwa, elfu saba mia tisa na nne.

Shemeji akainama asome vizuri zaidi.

"Dada," akaanza Shemeji.

"Wewe nyamaza." Akanigeukia. "Mzee, lete daftari."

Nalo liko pale hata leo, kwa atakayetaka kulisoma, ukurasa wa sitini na nne, chini ya sahihi mbili nyekundu, likishuhudia siku ambayo mashine ilisimama na mtu akaiinua: *Leo karata zimeachiliwa. Mitihani kumi na miwili imetoka. Safu ya pili imefichwa. ISITOKE. Aliyeagiza: Mwalimu. Aliyetii: Mtunza stoo. Shahidi: Shemeji, aliyekula sahani mbili.*