Viboko Kumi na Wanane, Watu Sifuri

Jumatatu, 14 Januari 2002. Bunia.
Tangazo kwenye mlango wa biro, ofisi ya mazingira! Anatafutwa mlinzi wa hifadhi ndogo ya ufukoni, kule chini ziwani. Atakayeleta ramani na hesabu ya wanyama kabla ya Jumapili atapewa koti la kijani na barua yenye muhuri. Koti sina haja nalo. Muhuri! Mwenye muhuri anapita vizuizi vyote bila kuvuliwa viatu. Mimi mwaka jana nimevuliwa mara nne. Mara moja na soksi.

Nyuma yangu alisimama Athanase, jirani yangu, zamani mwalimu wa biolojia. Akacheka. Akasema viboko si spoki za kinga, hizi baiskeli zangu, kwamba utazungusha gurudumu uhesabu. Nikamuuliza weye umehesabu nini maisha yako yote ila chaki. Kiboko anamjua kwa Kilatini! Mimi nilianza na pampu moja chini ya bati la watu. Leo nina kibanda changu cha kutengeneza kinga na spana kumi na moja. Na gari gani litashuka kule na vita hii? Watashuka wenye kinga na wenye miguu. Nina vyote viwili.

Denise, mke wangu, amenishauri niache viatu nyumbani, nipunguze hasara.

Jumanne, 15 Januari.
Kilometa hamsini na tano. Kwenye mteremko nimefanya kama wabeba mizigo wote wa huku: nimekata tawi kubwa lenye majani, nimelifunga nyuma ya kinga liburutike, liwe breki. Nikashuka kwa heshima, kama bibi arusi. Kwenye tambarare kinga ikawa nzito ajabu. Nikalaumu upepo. Nikalaumu maharage ya Denise.

Kijiji cha kwanza: nyumba thelathini na moja, watu sifuri. Milango imefungwa kwa kamba, vizuri, kama watu waliokwenda misa. Kijiji cha pili: nyumba kumi na tisa, watu sifuri. Lakini uwanja umefagiwa. Leo! Mistari ya ufagio bado mibichi, na juu yake hakuna hata wayo mmoja. Aliyefagia aliondokea wapi? Nikapiga hodi. Hodi yangu ikarudi peke yake.

Jumatano, 16 Januari.
Hifadhi. Kinga nimeiacha kichakani, nikatembea kwa miguu ukingoni mwa mafunjo. Viboko majini. Nimehesabu masikio: thelathini na tano. Gawanya kwa mbili. Viboko kumi na wanane, mmoja amepoteza sikio. Athanase angeweza hesabu hii? Kamwe.

Nikaingia ndani ya mafunjo kwa ajili ya ramani. Sehemu kavu. Mafiga matatu, sufuria, bugali inatoa mvuke. Vijiko tisa. Watu sifuri. Nikasimama. Mtu akakohoa karibu kabisa, kikohozi cha mtoto, kikakatika katikati kama kilichozibwa kwa mkono. Mjini wanasema waliokufa kando ya ziwa hawajui kwamba wamekufa, wanaendelea kupika.

Nimekimbia mita mia nne. Labda mia nne na ishirini.

Hapo vumbini nikaona alama. Upana, sentimeta themanini. Kitu kimeburutwa, kizito kama mtu. Nikaifuata kinyumenyume. Ilipinda kila nilipopinda jana. Ilisimama pale niliposimama kukojoa! Kitu hicho kilinifuata tangu barabarani. Nikarudi nayo upande wa pili, nikisali zaburi ninayoijua nusu. Mwisho wa alama: kinga yangu. Na nyuma ya kinga tawi, bado limefungwa.

Sitamwambia mtu.

Alhamisi, 17 Januari.
Mwanamke ametoka ziwani, maji kiunoni, uso wote matope. Nikainua pampu. Akasema, Katsuva, weye na pampu yako!

Faida! Faida wa makayabo, aliyeuza samaki hao wa chumvi mbele ya kibanda changu. Tulimwombea misa mwezi wa tisa. Nikamweleza kwamba nilitoa mshumaa. Hakushukuru.

Yuko hai. Wako hai wote, ndani ya mafunjo, miezi minne. Wanapika bila kusema, wanaingia majini wakisikia hatua, wakienda kijijini wanarudi wakifagia nyayo zao. Idadi yao ni siri, sitaiandika. Arobaini na watatu. Nitaifuta.

Akanionyesha tawi. Akasema wenye bunduki wako juu ya mteremko wanawatafuta, miezi minne wameshindwa, na mimi kwa siku moja nimewachorea barabara hadi mlangoni. Wana wazee wawili wasiotembea na mtoto wa juma moja, hawawezi kuhama. Akauliza akili hizi nilipewa na nani, na kama naweza kumrudishia.

Nimefagia kutwa, kwa tawi lilelile. Sasa alama ina upana wa mita mbili.

Ijumaa, 18 Januari.
Usiku viboko walitoka kula nyasi. Asubuhi, kutoka majini hadi barabarani, hakuna tena alama ya tawi: mashimo ya miguu yao tu. Barabarani kwenyewe alama bado ipo.

Saa tatu, watu sita, bunduki saba. Wameifuata kutoka juu. Mkubwa wao akauliza: muzee, nini imeburutwa hapa?

Nikatafuta uongo. Sikuupata! Nikasema niliyoyaona mpaka Jumatano mchana, basi. Uwanja uliofagiwa. Bugali ya moto. Kikohozi. Kitu kilichopinda nilipopinda. Kimekwenda wapi, wakauliza. Nikaonyesha ziwa. Magoti yalinitetemeka kweli. Yaliogopa bunduki, lakini goti halisemi linaogopa nini. Mmoja akafanya ishara ya msalaba. Wakachukua viatu vyangu, wakapanda mteremko. Hawakukimbia. Walitembea haraka tu, bila kugeuka.

Nyuma yangu, katika mafunjo, watu arobaini na watatu hawakukohoa.

Jumapili, 20 Januari. Bunia.
Ripoti yangu ya jana: viboko kumi na wanane, watu sifuri. Kwenye ramani mafunjo yote nimeyachora maji ya kina. Kazi amepewa Athanase! Viboko mia mbili na kumi na wawili, tembo tisa, Kilatini, rangi nne, bila kuondoka kitini. Amevaa koti kanisani, katika joto hili. Denise ameuliza viatu.

Lakini nimefikiri. Habari ya kile kitu cha ziwani imefika sokoni kabla yangu, kila mtu ananiuliza. Matembezi! Kwa kinga na kwa miguu, Jumapili ijayo, mpaka ukingoni tu. Majina kumi na mawili tayari. Na ile idadi ya Alhamisi, nikumbuke kuifuta.

Shida ni moja. Kwa hofu nimepanda nikifagia, alama yote imekwisha. Watu hawatashuka kilometa hamsini na tano kuangalia vumbi.

Nimekata tawi jipya. Kubwa zaidi.