Safari Niliyolipiwa na Kampuni

Leo nimeaibika. Nimeaibika mbele ya bosi wangu, mke wangu na mama mkwe, wote kwa siku moja. Nawaandikia nyinyi tuliosoma pamoja chuo cha kilimo kwa sababu mko mbali.

Mnajua kazi yangu. Mimi ni afisa wa kahawa wa serikali hapa Githongo, na kampuni ikileta mashine mpya, mimi ndiye ninayeandika ripoti kama inafaa viwanda vyetu. Mwezi uliopita nikapata barua kutoka kampuni moja inayouza mashine za kumenya kahawa. Walinialika nikaone mashine yao ikifanya kazi, gharama ya safari juu yao. Anwani ilikuwa ya Amerika. Basi, nikajua nimeitwa Amerika. (Ukurasa wa pili sikuusoma. Ulikuwa na maandishi madogo madogo.)

Ndani kulikuwa na fomu, na chini ya fomu nafasi ya "maombi maalum". Nafasi ilikuwa ndogo, nikabandika karatasi yangu.

Habari ikaenea kuliko nilivyopanga. Leo, siku ya kuondoka, tangu alfajiri boma lilijaa watu. Kuku wanne walikuwa wameshachinjwa. Mwenyekiti wa chama cha ushirika, Mzee Kirimi, aliniombea hadi chai ikapoa, kisha akaniambia nisisahau nilikotoka. Mama mkwe alilia. Mimi nilikuwa nimevaa koti zito la sufu kutoka mitumba ya Gakoromone, soko la Meru mjini, refu hadi kwenye viatu. (Muuzaji aliapa kwamba mwenyewe wa kwanza alitoka nalo kwenye theluji.)

Nikaenda Meru mjini na mke wangu Kanana. Alikuwa ametengeneza nywele kwa sababu nilimwambia jina lake liko kwenye fomu.

Ofisini, nilikoambiwa nianzie safari, tulimkuta bosi wangu, Bwana Njeru, amekaa na wakili wa ile kampuni ya mashine, Bi. Akinyi, mama mpole aliyetoka Nairobi na faili. Mbele yake, juu ya meza, nikaiona karatasi yangu.

"Bwana Mwiti," akasema, "kampuni hii inafuata sheria za kwao. Hairuhusiwi kumpa afisa wa serikali ya nchi nyingine kitu cha thamani ili apitishe bidhaa yake. Safari ya kuona mashine inaruhusiwa, ikiwa ni ya kiasi. Sasa tupitie maombi yako moja moja."

Nikamwambia hakuna haja. Bosi akasema haja iko.

"Namba moja. Kushika theluji kwa mkono." Akapiga mstari kwa penseli. "Namba mbili. Kuonyeshwa nyumba ya Rais wa Amerika, hata kama ni kupitia ua." Mstari. "Namba tatu. Kofia ya kauboi, saizi kubwa kidogo."

Bwana Njeru akavua miwani akaanza kuifuta. Ilikuwa safi.

"Namba nne. Sanduku jipya, la magurudumu. Namba tano. Mke wangu, kama kuna nafasi."

Kanana akageuka polepole.

"Baba Makena, mimi ni namba tano?"

"Sikupanga kwa umuhimu," nikasema.

"Nyuma ya sanduku?"

Bi. Akinyi akamuuliza kwa upole, "Mama, wewe unahusika na mashine za kahawa?"

"Naweza kuziangalia," Kanana akajibu.

Naye akapigwa mstari.

"Hii orodha niiite nini?" wakili akaniuliza. "Kampuni ikikununulia hata hiyo kofia, kule kwao itashtakiwa."

"Na hapa wewe utashtakiwa na mimi," bosi akasema.

Jasho likaanza kunitoka. Nina miaka kumi na moja kazini na sijawahi kuchukua hata ndizi ya mkulima. Nikaeleza kwamba yale hayakuwa masharti, yalikuwa ndoto tu. Bi. Akinyi akaandika neno "ndoto" kwenye faili, nikatia sahihi. Nikapumua. Ndipo nikauliza, kama mtu mzima, ndege inaondoka saa ngapi.

"Ndege ya nini?" Bi. Akinyi akashangaa. "Mashine iko Manyatta."

"Manyatta ya Amerika?"

"Manyatta ya Embu. Imeandikwa ukurasa wa pili."

(Manyatta nimewahi kwenda kwa pikipiki.)

Pasipoti ndiyo ingenifungua macho mapema, maana sina. Nilidhani kampuni hutoa.

Kanana alikataa kurudi nyumbani peke yake. "Nikiingia bila wewe nitasema nini?" Akaenda kunisubiri Gakoromone. Mimi nikapanda gari la kampuni pamoja na Bi. Akinyi, nikiwa na sanduku langu la zamani na koti langu, na jua la saa sita likanikuta Manyatta hivyo hivyo. Wafanyakazi wa kiwanda waliniuliza kama naumwa. Mashine ni nzuri, lazima niseme ukweli. Haipasui punje. Nitaandika hivyo, na sijapewa kitu.

Samahani, nilipewa chakula kwenye hoteli ya pale. Mukimo, viazi vya kupondwa na mboga, sahani moja, na soda moja. Nilipoitisha soda ya pili, Bi. Akinyi aliifikiria kwanza. Kisha akaomba risiti, na mama wa hoteli hakuwa na kitabu, akaandika kwenye karatasi ya sukari huku akisoma kwa sauti: "Afisa wa serikali, mmoja. Soda, mbili." Hoteli nzima ikanitazama.

Saa kumi na mbili jioni mimi na Kanana tukaingia nyumbani. Akina mama walikuwa bado wanaosha sufuria za kuniaga. Mzee Kirimi, aliyekuwa amebaki kumalizia mchuzi, akasimama.

"Mwiti, umesahau nini?"

Mama mkwe akanishika mkono kuona kama ni mimi.

Nilijua Kanana ana haki ya kunimaliza. Aliweka kikapu chini, akafungua kitambaa kichwani.

"Hajasahau kitu," akasema. "Kazi ilikuwa Embu, imeisha. Mpeni chakula."

Wakanipa shingo ya kuku, ndiyo iliyobaki. Nimekula nikiwa nimeangalia ukuta, nikiwasikia watu wakijikaza wasicheke, mpaka Mzee Kirimi akashindwa na wote wakafuata. Kanana ndiye aliyecheka mwisho na ndiye aliyecheka sana.

Nanyi mkitaka kucheka, chekeni huko huko mliko. Githongo wa kunicheka wametosha.