Prosesa ya Kibogoyo

Jumatatu, 12 Novemba 2012

Leo tukichambua maharage binti yangu Bella kasema: mwisho wa mwezi ukifika bila kazi hapa Kamembe, anapanda bisi kwenda Kigali kwa shangazi yake. Kwa shangazi! Yule atamfanya yaya. Nilichambua mpaka nikatupa maharage na kubakiza mawe.

Mtoto amemaliza sekondari. Anaandika kwenye kompyuta kwa vidole kumi bila kuviangalia. Mimi niliishia ya tatu ya primeri, kule Uvira, vita vikanitoa. Huyu akienda nabaki na Gasana, mume wangu, na redio yake. Hapana. Haondoki.

Jumanne, 13 Novemba

Habari njema! Ushirika wa mihogo wa Gashonga unataka kuandika wanachama wake wote kwenye kompyuta, mia sita na zaidi, kila muntu na picha yake. Prezida wao, Mzee Munyaneza, atapita tarehe 26 kujaribu mashine za hapa mtaani. Inayokimbia kuliko zote ndiyo itapewa kazi. Watu mia sita! Hiyo ni kazi ya kumkalisha Bella nyumbani mpaka Pasaka.

Tatizo ni dogo. Sina mashine. Nina chumba cha mbele ninapouzia unga, nina meza.

Bernadette wa ng'ambo ya barabara anayo. Ya kipande kimoja: kioo kitupu, chembamba kama sinia, bila kibweta chini. Alinikamata naichungulia dirishani. Akasema nikaribie tu Maman Bella, kuangalia ni bure, ila nisipumue karibu na kioo.

Nisipumue!

Jumatano, 14 Novemba

Nimekwenda kwa Gratien, fundi wa kompyuta. Nimemuuliza wazi: kwa pesa ileile, wapi napata akili nyingi zaidi, kwenye mashine ya kipande kimoja au kwenye ya kuunga?

Akasema nisiangalie kioo, kioo ni kifuniko tu. Niulize prosesa, hiyo ndiyo moto ulio chini ya sufuria. Ndani ya mashine nyembamba hakuna nafasi, joto halina pa kwenda, basi wengi wanaitia prosesa ya laptop, ya upole. Ni kama imbabura, jiko la makaa, ndani ya kabati, Maman, ukiongeza makaa unaunguza nyumba. Pesa yako imenunua wembamba. Ya kuunga ina kibweta kikubwa, ina upepo, inabeba prosesa nzima. Tena ikiugua mguu unatibu mguu. Ile nyingine ikiugua jicho, unaibeba yote hospitali.

Nimeelewa mara moja. Ajabu, mambo ya watu waliosoma si magumu hivyo.

Kaniandikia orodha ya vipande, vinapatikana Bukavu kwa Buhendwa. Akasema nisubiri, tutavuka pamoja akipata nafasi. Nisubiri! Miaka kumi navuka mto Ruzizi kwenda Kongo na unga na nyanya, nani wa kunifundisha kununua?

Alhamisi, 22 Novemba

NIMENUNUA. Kwa pesa ya mabati ya paa. Gasana akiuliza, mvua ni ya Mungu.

Redio yake haizimwi tangu juzi: Goma imeanguka, waasi wameingia. Bukavu leo watu wananong'ona hata wakinunua chumvi. Buhendwa alitaka kuuza upesi afunge duka. Alishusha bei kabla sijapandisha sauti. Kidogo nimwonee huruma.

Kisha nikaomba matabish. Mimi sinunui kitu Bukavu bila matabish. Ukinunua kilo ya sambaza, dagaa wetu wa ziwani, muuzaji anaongeza kiganja juu, ndiyo heshima yenyewe. Buhendwa akapiga kelele, ati Maman, hiyi ni prosesa, hiyi si samaki! Nikakaa kwenye kiti chake. Nikafungua kitambaa cha kichwa, nikakifunga tena polepole. Akaangalia barabara, akaangalia mimi, akavuta droo, akatoa prosesa nyingine, kuukuu, akaitupia mfukoni mwangu. Chukua, muende salama.

Prosesa mbili! Kamembe nzima nani ana mbili?

Kibweta nimekibeba mgongoni kwa kitenge kama mtoto. Kioo alikibeba Patricie kichwani, yule anayeuza sambaza, tunavukaga pamoja. Watu wa douane pale mpakani wakaangalia, wakaandika, nikalipa, wakapiga muhuri. Mlangoni kwangu Patricie naye akadai matabish yake. Ni haki.

Nikaweka prosesa mbili mezani. Moja ina meno chini, ya rangi ya dhahabu, mamia, yamepangwa kama mahindi. Nyingine haina hata jino moja. Tumbo laini, kibogoyo kabisa, kama marehemu nyanya yangu. Sasa kitu kisicho na meno kitatafuna picha mia sita kwa kitu gani? Buhendwa huyo, na haraka zake, kachanganya! Kanipa nzuri kama matabish. Nimenyamaza.

Kibogoyo nimempa Patricie. Ameipenda, inang'aa.

Ijumaa, 23 Novemba

Sijisikii kuandika.

Gratien alikuja asubuhi, akafungua kibweta, akachukua prosesa yenye meno. Akaigeuza. Akaigeuza tena. Akaniuliza kwa upole ile nyingine iko wapi. Kwa sababu hii, Maman, ilikuwa inafanya kazi Bella akiwa bado anajifunza kuhesabu. Za siku hizi hazina meno. Meno yamehamia kwenye nyumba yake, pale inapolala ndani ya kibweta, ona, haya hapa.

Nikaona. Kweli nyumba ina meno.

Nimekimbia mpaka sokoni na ndala moja. Patricie alikuwa ameketi nyuma ya beseni lake. Sha, Maman Bella, mbona unahema? Ile bati? Ile ameshaitoa. Jana mteja mmoja alilalamika sambaza ni ndogo, akataka matabish, samaki walikuwa wameisha. Akampa ile.

Mteja gani?

Bernadette.

Jumamosi, 24 Novemba

Siku mbili zimebaki. Bella ameanza kukunja nguo zake. Anazikunja vizuri, nilimfundisha mwenyewe.

Nilivuka barabara na uongo wangu tayari: kile kibati ni kumbukumbu ya mama yangu. Sikuutumia. Prosesa yangu niliiona kutoka mlangoni. Iko chini ya mguu wa meza! Meza ya Bernadette ilikuwa inachechemea tangu Agosti, sasa imetulia. Prosesa yangu inabeba mashine yake!

Nikamwambia nina kipande cha katoni kizuri zaidi, kinene, kwa meza ya heshima kama ile. Bernadette akaniangalia jasho. Si mjinga. Akasema muntu hatoki jasho namna hiyi kwa ajili ya bati. Akasema kama kina faida kwangu basi kina faida na kwake. Sharti moja: mimi nikipewa kazi ya ushirika, Bella aje kumfundisha kuandika kwa zaidi ya kidole kimoja. Nikaapa kwa Bikira Maria. Ningeapa hata kumfulia mapazia.

Yeye akainua meza, mimi nikavuta.

Jumatatu, 26 Novemba

Jana baada ya misa Gratien alisafisha prosesa kwa alkoli, akaiangalia kwenye mwanga kama daktari, akailaza juu ya meno yake, akafunga. Mashine ikakohoa. Ikanyamaza. Ikawaka! Gasana alivua kofia.

Na leo! Mzee Munyaneza kaleta picha arobaini. Akaanza kwa Bernadette. Mashine nyembamba ikazungusha kile kiduara chake, ikazungusha, ikalia kama nyuki, Bernadette akaipepea kwa bahasha. Kwetu Bella alibonyeza, picha zikaingia kama mbuzi wanaojua njia ya nyumbani. Fanta ya Mzee ilikuwa bado nusu. Akasema kazi ni yetu.

Bella amerudisha nguo kabatini. Nimeingia jikoni nikaimba. Mpaka Pasaka!

Alhamisi, 6 Desemba

Bella amemaliza.

AMEMALIZA. Watu mia sita na kumi na wawili, siku tisa, na majioni alikuwa anamfundisha Bernadette vidole! Nilimuuliza kama haifai kuyaandika majina tena kwa herufi nzuri zaidi. Akasema Maman, mashine inakimbia, si nilikwambia? Hakuniambia. Hakuna aliyeniambia hilo.

Mzee Munyaneza amestaajabu hata amesimulia wakubwa wa vyama vya ushirika kule Kigali. Wanamtaka Bella. Kwa mshahara, na meza yake mwenyewe. Si jikoni kwa shangazi. Bella alisimama mbele yangu akaniuliza aende au abaki. Akanishika mkono wenye unga.

Nikasema nenda, mwanangu. Mdomo huo sijui niliuazima kwa nani.

Jumatatu, 10 Desemba

Ameondoka juzi. Nimemfungia sambaza kavu na unga wa mwezi mzima. Bisi ilipogeuka pale kona sikulia. Nililia baadaye, kwa Patricie, na Patricie akalia pia ingawa watoto wake wote wako nyumbani.

Gasana amezima redio jana, peke yake, bila kuombwa. Akasema mutoto hafungwi kwa mashine, mama. Gasana ni mtu mwema, ila mambo ya prosesa hayajui. Mimi nimekaa nimefikiri, na kosa nimeliona. Mashine yangu ilikimbia mno! Kwa mashine ya Bernadette, leo Bella angekuwa kwenye jina la mia mbili, ananiuliza chakula kiko tayari saa ngapi.

Basi leo nimevuka barabara. Nimempa Bernadette yangu ya kuunga, nichukue yake ya kipande kimoja, na nimeongeza gunia la unga juu. Alitafuta mtego kila mahali. Hakuupata. Akakubali kabla sijaketi.

Bella anakuja Noeli. Na Giheke kuna ushirika wa maharage, wanachama mia tisa, hawajaandikwa hata mmoja. Kesho naenda kuonana na prezida wao.

Gratien amekuja kunifungia mashine, ameshika kichwa. Ati tangu aanze ufundi hajaona muntu anayeongeza kitu juu ili apate prosesa ya polepole.

Nikamwambia Papa Gratien, weye hauna mutoto anayejua kupanda bisi.