Ngazi Mia Mbili na Kumi na Mbili

Jumapili, 8 Juni

Binti yangu Yuliza ameniponza. Kalitangazia darasa zima kwamba mama yake ni mkimbiaji. Tarehe 21 ni siku ya familia shuleni, kuna mbio za akina mama: mtoto mgongoni, kuzunguka uwanja mara mbili. Mara ya mwisho kukimbia nilikuwa nafukuza basi. Basi lilishinda.

Nikamuuliza kwa nini kasema uongo. Akanijibu si uongo, ni kwamba sijaanza tu. Ana miaka sita.

Leo barabara kuu imefungiwa magari kama kila Jumapili, Bogotá nzima iko nje na baiskeli, na bustanini mazoezi ya viungo kwa muziki ni bure. Nikaenda. Jirani yangu Marleny, ambaye mwanawe anasoma na Yuliza, yuko mstari wa mbele na suruali mpya ya kubana. Akanipungia mkono kwa huruma. Kwa huruma! Nilidumu nyimbo mbili. Wa tatu nikainama kufunga kamba za viatu. Viatu vyangu havina kamba.

Jumanne, 10 Juni

Mpango: kuruka kamba. Ya kununua ya nini? Nikafungua ya kuanikia nguo. Nimeruka mara mia, safi kabisa. Kisha nikaifunga vibaya, ikalegea, na shuka za mama mkwe, Bi Ofelia, zikalala kwenye matope. Hakunigombeza. Alisema tu kwamba anayetaka mazoezi, beseni lile pale. Nikafua na kukamua mpaka mikono ikafa ganzi. Siku ya mazoezi imepotea bure.

Alhamisi, 12 Juni

Nimejaza dengu kwenye chupa mbili, nainua huku supu inachemka. Raha! Niliporudi kutoka kazini Bi Ofelia alikuwa ameshapika dengu za chupa ya mkono wa kulia. Nimeinua upande mmoja.

Na zile ngazi! Mia mbili na kumi na mbili kutoka kituo cha basi hadi mlangoni kwetu. Yuliza akitoka shule hapandi hata moja. Hurukia mgongoni, na tukifika ya mia ameshalala. Nafika sina nguvu ya mazoezi. Bi Ofelia akauliza, kwani hayo siyo mazoezi, mwanangu? Nikamjibu kwa heshima: hapana, mama, huko ni kurudi nyumbani.

Jumatatu, 16 Juni

Aibu. Mwezi huu umejaa Jumatatu za sikukuu, nikajua na leo imo. Sikukuu ikiwa Jumatatu, barabara hufungwa kama Jumapili. Nikamwacha Yuliza amelala kwa bibi yake. Saa moja asubuhi niko katikati ya barabara kuu, kaptura ya mume wangu, mikono juu, nakimbia. Kuwa peke yangu hakukunishtua. Nilijisifu kwamba nimewahi.

Likaja basi. Nyuma yake jingine. Dereva akatoa kichwa: "Bibie, leo watu wanaenda kazini. Na wewe nenda."

Dirishani, na mkoba wake wa kazi, Marleny. Akanipungia.

Yuliza kachelewa shule. Mimi nimechelewa kiwandani, na sare hamsini zinangoja vifungo.

Ijumaa, 20 Juni

Nimemwambia ukweli. Mama si mkimbiaji, mwanangu.

"Lakini nimeshawaambia," akasema.

Kisha akavua utepe wake mwekundu wa nywele, akanipa nivae kesho.

Jumamosi, 21 Juni

Akina mama kumi na mmoja. Filimbi. Mzunguko wa kwanza nikawaacha wote! Sielewi mpaka sasa. Miguu inakwenda yenyewe, pumzi ipo. Nyuma namsikia Marleny anatokota kama sufuria ya maharagwe. Yuliza anapiga kelele, mama, mama, utepe unapepea.

Katikati ya mzunguko wa pili kelele zikaisha. Pumzi ya moto shingoni. Kichwa kikalegea begani. Amelala.

Mtu afanyeje? Nikamweka sawa. Nikapunguza mwendo, nikatembea polepole, kama ninavyotembea kila siku kuanzia ngazi ya mia. Marleny akapita. Wote wakapita. Bi Ofelia akajifunika uso kwa shali. Nikawa wa kumi na moja.

Kwenye mstari akaamka. "Mama, tumeshinda?"

"Tumefika. Futa mate."

Hakufuta. Alikimbilia wenzake kuwaambia kwamba mama yake aliwaacha watu mbali mpaka yeye akapata usingizi.

Marleny akaniletea kikombe cha maji ya moto ya sukari guru. Akaniuliza, kwa adabu kabisa, mama Yuliza, mazoezi unafanyia wapi? Nikamwambia ni siri. Hata mimi siijui.

Jumatatu, 23 Juni

Nimeamka alfajiri, nikamsuka Yuliza, nikapiga sare pasi, tukashuka ngazi zote. Lango la shule limefungwa. Mlinzi anakula arepa yake, mkate wa mahindi, taratibu. Sikukuu.

Tunarudi, barabara kuu imejaa baiskeli. Katikati yao, Marleny na suruali yake. Akanipungia.

Yuliza akasema miguu inauma. Nikampandisha mgongoni. Njia nzima nawaza mbio za mwakani, na nimeshajua kinachoniangusha: hizi ngazi. Zinanimaliza! Nikamwambia Yuliza kwa ukali kabisa kwamba kuanzia kesho atapanda mwenyewe, mama ahifadhi nguvu za mazoezi.

Hakujibu. Tulikuwa tumeshapita ya mia.