Uzinduzi wa Karakana Isiyoguswa

Napenda kuutangazia umma, kwa furaha kubwa, kwamba upanuzi wa elimu ya ufundi katika shule yetu ya sekondari umekamilika kwa asilimia mia moja. Hayo ni kwa mujibu wa Kamati ya Upanuzi, ambayo mwenyekiti wake ni mimi, na ambayo katibu wake, kwa uhaba wa watu wenye upeo, ni mimi pia.

Karakana mpya ina kila kitu: misumeno ya chuma, nyundo, patasi, hata mashine ya kuchomelea. Vyote vilikuwa ndani ya makaratasi yake, vinang'aa. Kamati ilipitisha kwamba mwanafunzi asiguse kifaa chochote mpaka Mkurugenzi wa Elimu azindue, maana kifaa kilichotumika hakipendezi kwenye picha. Mkurugenzi naye ni mtu wa shughuli nyingi. Uzinduzi ukaahirishwa muhula huu, ukaahirishwa na uliofuata.

Masomo hayakusimama, msije mkatusingizia. Wanafunzi walichomelea kwa kalamu, macho wameyakinga kwa madaftari, sauti ya cheche wakiitoa wenyewe mdomoni. Hakuna aliyeungua. Umeme haukutumika hata chembe. Ripoti yangu kuhusu usalama ilisifiwa sana na wakubwa.

Aliyekuwa na nongwa ni mmoja tu, mwalimu wa ufundi, mama mfupi ambaye wanafunzi humwita Mama Cheche. Kila nikifungua ofisi namkuta mlangoni.

"Mwenyekiti, mtihani wa vitendo ni wiki ijayo," alisema. "Watoto hawa hawajawahi kushika msumeno. Wakifeli, hakuna karakana itakayowachukua. Watarudi nyumbani kukaa."

Nilimfafanulia kwa upole kwamba kushika ni hatua ya mwisho kabisa ya elimu. Aliniangalia, akatikisa kichwa, akaondoka zake. Watu wengine huwezi kuwaelimisha.

Hatimaye siku ya uzinduzi ikawadia. Hapa niseme kidogo kuhusu mlango wa karakana, maana ni wa chuma na wazo lilikuwa langu. Ukisukumwa tu, unajifunga wenyewe. Tundu la ufunguo liko upande wa nje peke yake, ili mwizi akiingia asitoke. Mkurugenzi alifungua, wageni wakapiga makofi, mpiga picha akaomba arudie. Akarudia. Akaombwa tena, akazungusha kwa madaha, na ufunguo ukakatikia ndani ya kitasa. Tulicheka wote, tukaingia: Mkurugenzi, wageni wake na mimi. Nikauvuta mlango nyuma yetu ili wanafunzi wasichungulie vifaa.

Ukajifunga barabara. Kwa dakika chache nilijisikia fahari.

Kisha joto likaanza. Paa ni la bati, na jua lilikuwa limeamka vibaya. Mkurugenzi alivua koti, akavua tai, akaanza kuniangalia kwa jicho nisilolipenda. Vifaa vyote tulikuwa navyo sisi, ila bawaba za mlango zilikuwa nje.

Mama Cheche akaja kwenye nondo za dirisha, nyuma yake darasa zima na waandishi wa habari. Mkurugenzi alimwamuru akatafute mafundi haraka.

"Mafundi ndio hawa, Mheshimiwa," akasema. "Wanasubiri vifaa tu."

Nilikohoa, nikaanza kuwakumbusha azimio la Kamati. Mkurugenzi akaniambia ninyamaze. Iliniuma, sitaficha. Kwa mkono wake mwenyewe akachana karatasi, akapitisha msumeno katikati ya nondo. Mama Cheche hakuupokea.

"Nina ombi dogo. Hili liwe somo lao la vitendo. Somo zima, na kila mwanafunzi ashike."

"Zima, mama yangu. Hata mawili. Fungueni tu."

Waandishi wakaandika.

Wa kwanza aliushika msumeno juu chini. Mama Cheche alimwelekeza taratibu, kana kwamba ndani hakuna mtu. Kila chuma kilipoanza kuliwa vizuri, yeye alisema, "Mwingine," na foleni ikasogea. Mkurugenzi aliketi juu ya mashine ya kuchomelea, akijipepea kwa hotuba yangu ya makaribisho, ambayo hakuna aliyekuwa ameisikia. Nje watoto walikuwa wakicheka, wakitaniana, wakigombania zamu. Mlio wa msumeno, ambao mwanzoni ulikwaruza masikio, ukawa unakwenda sawasawa, na hata mimi niliyekuwa nimeloa jasho nilijikuta nausikiliza kwa raha.

Bawaba ya mwisho ikakatika. Wanafunzi waliushusha mlango, upepo ukaingia, na wageni wakamshukuru Mungu kwa sauti. Vijana wanne wakaingia, wakamwomba Mkurugenzi anyanyuke, wakaibeba mashine aliyoikalia na kuitoa nje. Yeye akafuata nyuma yao. Alipofika kizingitini, Mama Cheche alimzuia kwa mkono, kwa adabu zote.

"Samahani, Mheshimiwa. Naomba mrudi ndani kidogo. Huku nje cheche zitawaumiza macho."

"Cheche za nini tena? Si mmeshamaliza?"

"Hilo lilikuwa kundi la kukata. Sasa linaingia kundi la kuchomelea."

Kamera zote zilikuwa zimemwelekea. Mkurugenzi akatabasamu, akarudi ndani, na wanafunzi wakauinua mlango kuurudisha mahali pake.